Mguu Ulioacha Kuuma

Mama mdogo wangu ni muuguzi, ni mke, ni mama, ni mhubiri, na yote hayo huyafanya akiwa amesimama. Kiti cha sebuleni kwake kilizoea kubeba begi lake kuliko kumbeba yeye. Ndani ya begi hilo mlikuwa na sare safi, Biblia, mswaki, raba za wodini na viatu vya kisigino vya madhabahuni. Wenzake kazini walimbatiza Sista Begi. Alicheka tu, kwa kuwa hakuwa na muda wa kununa.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mama mdogo alishika nne, na kwa miaka mingi hakuna iliyoanguka kwa kishindo, ndiyo maana sote tukaamini kazishika.

Alichokuwa akifanya ni kubadilishana zamu. Alifanya za usiku za wenzake, za sikukuu, za wenye wagonjwa nyumbani na za wanaojifanya wana wagonjwa nyumbani, ili mwisho wa wiki awe huru kusafiri na kikundi cha huduma cha kanisa lao. Ijumaa anatoka wodini anapanda basi, Jumapili anahubiri mji wa mbali, Jumatatu asubuhi yuko wodini anafunga bendeji. Usingizi wake aliulipia nauli: alilala kwenye basi. Safari nyingine alipewa nafasi ya kuliombea basi usalama, akasinzia kabla ya amina, na abiria wakabaki wamefumba macho wakisubiri.

Nyumbani tulikuwa na muuguzi kama mtaa unavyokuwa na bomba: lipo, kila mtu analiona, lakini maji yatatoka lini ni suala la imani. Ukiumwa, unamtumia ujumbe wa sauti. Akipata upenyo anajibu, "Kunywa maji mengi, nitakupigia." Binti yake wa mwisho, ambaye Mungu alimpa ulimi akasahau kumpa breki, alisema siku moja, "Mimi hata nikivunjika shingo, mama ataniambia ninywe maji mengi."

Lakini mtu asije akasema mama mdogo hakuijua kazi. Aliijua mno. Wodi yake ni ya vidonda vya wenye kisukari, pahali ambapo harufu inakupokea kabla ya mlinzi. Siku moja alisahau begi, jambo kubwa kama jua kusahau kuchomoza, nikalipeleka. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mzee mmoja mwenye kidole cha mguu cheusi kama mkaa.

"Baba yangu, ulikuwa unasubiri nini nyumbani?"

"Uliacha kuuma, Sista. Nikajua umepona."

"Ukiuma, mwili unakupigia simu. Ukinyamaza, jua laini imekatika. Mtu mwenye sukari, mguu ukiacha kuuma ndipo ukimbie hospitali. Tumeelewana?"

"Sasa ningekimbia na mguu gani, mwanangu?"

Wodi nzima ilicheka, naye akacheka, huku mikono yake ikiendelea kubandua shashi taratibu, kama mtu anayefungua kurasa za kitabu kilicholowa. Mzee hakukunja uso hata kidogo. Nilitoka pale najivuna kana kwamba mikono ile ni yangu.

Sasa mumewe. Baba mdogo ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na kila mtu, mkewe akiwemo, humwita Mwalimu. Ni mtu wa maneno machache, ambayo huyahakiki kwanza kama jibu la mtihani. Sukari alikuwa nayo miaka. Kisha mguu wa kulia ukaanza kuwaka moto. Akirudi shuleni alivua viatu akaukandamiza kwenye sakafu ya saruji apate ubaridi. Akamvizia mkewe mlangoni, begi likiwa begani.

"Mama watoto, huu mguu unawaka."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda ile semina."

"Semina ipi?"

"Hata mimi ndicho ninachojiuliza."

Alimkagua palepale mlangoni, akaona mkwaruzo mdogo chini ya kidole gumba, akaufunga vizuri. Akamwambia aje kliniki Jumatatu. "Njoo moja kwa moja kwangu. Nitakuingiza mwenyewe."

Jumatatu Mwalimu akaomba ruhusa shuleni, akavaa shati la pasi, akaenda. Aliketi kwenye benchi mpaka benchi likamjua. Muuguzi mwingine akamuuliza, "Mzee, una miadi na nani?"

"Na mke wangu."

Benchi zima liliangua kicheko. Yule muuguzi, alipojua ni mume wa nani, akamweleza kwa upole kwamba Sista amebadilishana zamu tangu juzi, amesafiri kwenda kufungua tawi jipya la kanisa. Alikuwa amewaaga watu wa wodi, wa kanisa, hata mfagizi. Mume ndiye aliyemsahau. Mwalimu akacheka na wenzake wa benchi, akashukuru, akarudi nyumbani. Angeweza kumwomba huyohuyo muuguzi amwingize, lakini mtu akishachekwa kwenye benchi hilo hapangi foleni tena. Kuanzia siku hiyo hakuutaja mguu, na mama mdogo, asiposikia kitu kikilia, hudhani kimelala.

Wiki chache baadaye kanisa likaamua kumsimika awe kiongozi wa huduma ya akina mama kwa matawi yote. Mkutano ulikuwa mji wa mbali, na mchungaji akasema kiongozi husimikwa pamoja na nyumba yake. Kwa hiyo nyumba ikapanda basi. Mimi nilichukuliwa kuwa mtu wa vipaza sauti, kwa maana diploma yangu ya umeme iliishia katikati, na kanisani nusu diploma ni uhandisi kamili.

Tulipokuwa tunashuka, Mwalimu alichechemea. Akina mama wa huduma wakamwangalia yeye, wakamwangalia mkewe. Mmoja, kwa ile sauti ya chini inayokusudiwa isikike, akasema, "Haya jamani. Taa ya mtaa, nyumbani giza."

Mwalimu alisikia. Nilijua kwa sababu alisimama, akakaza kamba za viatu, kisha akatembea mpaka ukumbini amenyooka kama rula.

Mama mdogo alihubiri siku hiyo, na akihubiri anahubiri kweli. Alipoanza kuwaombea wagonjwa, mchungaji akamshika Mwalimu mkono, akampandisha jukwaani. "Tuanze na nyumba ya kiongozi!" Mama mdogo akamwekea mumewe mikono kichwani. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nilimwona akimgusa muda mrefu hivyo.

"Mwalimu," mchungaji akasema, "mguu uliokuwa unakusumbua, unausikiaje?"

Mwalimu akakanyaga jukwaa, mara moja, mara ya pili. "Hauumi."

"Sema watu wasikie!"

Akasogezewa kipaza sauti. "Ulikuwa unawaka moto, siwezi kulala. Sasa hauumi kabisa. Hata nikikanyaga, kimya."

Ukumbi ukalipuka. Mama mdogo akapiga magoti, akalia machozi ya furaha, akainua mikono. Leo nikiurudia uso wake kichwani namtafuta yule Sista aliyempa mzee somo la simu na laini. Simpati. Alikuwa amebaki ndani ya begi, pamoja na sare. Mimi fundi nusu najua kwamba waya usiopitisha umeme haukurushi ukiushika, na hakuna fundi anayeuita mzima kwa sababu hiyo. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote chini ya paa lile. Lakini alilijua kwa masikio ya wodini, na pale alikuja na masikio mengine.

Mwalimu alicheza na kwaya siku hiyo. Kwa viatu vile vile.

Ushuhuda ule ukapata miguu kuliko mwenye mguu. Kila mji alioenda, mama mdogo aliusimulia: "Mume wangu mwenyewe, siwasimulii ya jirani!" Akina mama waliomsengenya wakawa ndio wanaombebea Biblia. Mwalimu akaendelea kwenda shule, kufundisha amesimama, kubandika matangazo ubaoni, kurudi, kuvua viatu lakini si soksi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa soksini.

Jioni moja mama mdogo alikuwa ametua begi kitini, anatupangia jinsi tutakavyoishi Ijumaa mpaka Jumatatu bila yeye, binti yake akatoka uani ameshika kiatu cha baba yake alichokwenda kukifuta vumbi.

"Mama, tazama."

"Nitazame nini, kiatu?"

"Ingiza mkono."

Akaingiza, akautoa haraka. Pini ya ubao wa matangazo ilikuwa imetoboa soli ikaingia ndani, na kitambaa cha ndani kilikuwa kimelowa rangi ambayo si ya jasho.

"Baba kashinda nacho leo. Nimemuuliza kama kuna kitu kinamchoma. Kasema hakuna."

Mama mdogo akanusa vidole vyake. Hapo ndipo muuguzi alipofika nyumbani.

Mwalimu alikuwa chumbani anasahihisha madaftari ya watoto. Mkewe aliingia, akapiga magoti chini ya meza, akaivua soksi. Haikutoka peke yake. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo, na kutoka shimo lile weusi ulikuwa umepanda mpaka katikati ya unyayo. Mimi niliishia mlangoni. Pua zangu hazikusoma uuguzi.

"Tangu lini huu mguu hausikii?"

"Tangu kabla ya kule mkutanoni."

"Na ukasimama mbele za watu ukasema umepona?"

"Nilisema hauumi. Waliosema umepona ni ninyi. Mimi ni mtu wa hisabati, sikuongeza kitu."

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

Akaifunika kalamu yake nyekundu, akaiweka juu ya madaftari. "Nilikuambia kwa kipaza sauti."

Walimkata chini ya goti. Daktari alieleza kwamba ingekuwa wiki kadhaa nyuma angeondoa kidole tu, na alimweleza mama mdogo hayo kwa lugha ya kikazi, kama mwenzake, na nadhani angeona afadhali atukanwe.

Mwalimu akalazwa kwenye wodi ya mkewe. Mama mdogo akavaa sare, akasukuma kitoroli cha dawa na shashi mpaka kitandani kwake. Mkuu wa wodi akamzuia. Kwenye wodi ile muuguzi hamhudumii ndugu yake.

"Niachie kidonda chake tu, dada," mama mdogo alimwomba. "Zamu zote nyingine nitafanya."

"Sista, kwa huyu wewe ni ndugu wa mgonjwa. Ndugu wanakuja saa za kuona wagonjwa."

Basi akawa anakuja saa za kuona wagonjwa, yeye ambaye miaka yote ndiye aliyekuwa akiwafukuza wageni saa zikiisha. Alikaa kwenye kiti cha wageni. Mikono haikujua pa kwenda. Ilikunja shuka, ikalikunjua, ikalikunja. Walitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni, ambao wameshasalimiana na foleni haisogei. Safari ya Ijumaa ile ilikwenda bila yeye. Basi halikuanguka, mkutano haukuvunjika, wakapata mhubiri mwingine mzuri tu, na nina hakika hilo nalo lilimuuma.

Nilikuwepo siku mchungaji alipopiga simu. Mama mdogo aliiweka kwenye sauti ya nje ili mumewe naye asikie. Mchungaji akatoa pole, akasema Mungu ana makusudi, akasema washirika wamevunjika moyo, ule ushuhuda umeanza kuwa gumzo baya. Ingefaa Mwalimu akipata nguvu aje asimame, yaani, aje akae mbele, atoe neno la kuwainua.

Mwalimu akaomba simu. "Mchungaji, nashukuru. Mimi ushuhuda nilishautoa. Nimebaki na mguu mmoja, na huu sitoi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, mmoja mpaka akashika mshono wake. Kisha wakamwona mama mdogo, wakajikohoza. Mchungaji alikuwa bado anasema "Haloo? Haloo?" Mama mdogo akaikata simu, akaizima kabisa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akakivuta kiti mpaka mwisho wa kitanda, akalifunua shuka.

"Funga macho."

"Unataka kuniombea?"

"Nataka kukupima. Funga, Mwalimu."

Akafunga. Mama mdogo akakishika kile kisigino kilichobaki, akatenganisha vidole kimoja kimoja, akachungulia katikati yake kama anavyomfanyia mgonjwa yeyote. Mkuu wa wodi alikuwa amesimama mbali kidogo, akageuza uso.

"Hapa?" akabonyeza kidole gumba.

"Nasikia."

"Na hapa?" akabonyeza unyayo.

"Nasikia."

Kisha akauinua mkono wake, akauweka juu ya kidole cha mwisho bila kukigusa. Uliganda pale hewani.

"Na hapa, baba watoto?"

Mwalimu, macho yake yamefungwa, akatabasamu ili kumtoa wasiwasi.

"Nasikia, mama watoto. Hapo ndipo nasikia vizuri kabisa."