Sauti Iliyokatwa Vipande

Mwalimu Filimbi alikuwa amefundisha chekechea miaka kumi na sita, na jina hilo alipewa na watoto wenyewe. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, iliyofika mpaka kwenye uzio wa nyuma bila yeye kupaza. Akisema "tunawe mikono," hata watoto wa darasa la jirani walikwenda bombani.

Sauti hiyo ndiyo iliyowaleta watu wa kampuni ya michezo ya simu. Walitaka mchezo wa kufundisha herufi, na katika mchezo huo awemo Kibata, kifaranga wa bata anayesema na mtoto. Mwalimu alifurahi kama aliyeitwa bungeni. Likizo iliyofuata alikaa siku mbili katika chumba kidogo chenye sponji ukutani, hedifoni masikioni, akisoma sentensi mia tatu. "Usiondoke bila mwavuli, mvua inanyesha." "Nikimenya kitunguu, nitalia." Alizisoma kwa mapenzi, huku akiwaza nyuso za watoto wake. Akalipwa, akatia sahihi, akarudi darasani na kusahau.

Muhula wa pili ulipoanza, binti wa fundi viatu alibadilika. Alikuwa na miaka mitano, wote walimwita Kidosho, na hapo awali ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye bembea. Sasa alikuja na macho mekundu, akasinzia juu ya kalamu za rangi. Kengele ya mapumziko ikilia hanyanyuki. Siku moja mwalimu akachuchumaa kando ya kiti chake.

"Mwanangu, hulali nyumbani?"

"Nalala kidogo."

"Kwa nini kidogo?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo na yule yule aliyemtuma. "Si wewe uliniambia nisiondoke?"

"Mimi? Lini?"

"Kila siku. Ukasema utalia."

Mwalimu akamkumbuka Kibata. Masomo yalipokwisha alimshika mtoto mkono, wakaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baba yake. Fundi aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona, akafuta mikono, akampa simu. Mwalimu akafungua mchezo, akamlisha Kibata punje tatu, kisha akabonyeza kitufe cha kutoka.

Kibata akainamisha kichwa. Macho yakajaa maji. Na sauti yake mwenyewe, ile nyembamba na safi, ikasema: "Usiondoke." Kimya kidogo. "Nitalia."

Mwavuli umetupwa. Kitunguu kimetupwa. Akabonyeza tena, na sauti ikarudia, safari hii taratibu zaidi, kama ya mtu mgonjwa.

"Nilijua ni wewe, mwalimu," fundi akasema kwa unyonge. "Ndiyo maana nikawa namwachia simu. Nikasema, aah, yuko na mwalimu wake."

Maneno hayo yalimchoma kuliko machozi ya yule bata. Baba wa watu alimwamini, na imani hiyo kuna mtu aliikata kwa mkasi akaiunga upya kwa faida yake. Mwalimu alimrudishia simu, akaaga kwa kichwa. Alijua akifungua mdomo pale atatukana mbele ya mtoto.

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda kwenye ofisi za kampuni. Alipokelewa na msimamizi wa mchezo, kijana mpole, mwenye adabu zote, aliyemwita "mama" na kumvutia kiti. Hakukana. Aligeuza kompyuta amwonyeshe mchoro wenye mstari uliopanda.

"Mama, hapa ndipo tulipoweka ile sauti. Tazama. Watoto wanakaa dakika arobaini zaidi kwa siku. Umetusaidia sana."

"Nimewasaidia?"

"Sana tu. Na hatumlazimishi mtu, mama. Kitufe cha kutoka kipo."

"Kipo, na mlangoni mmemweka mtoto anayelia! Mtoto wa miaka mitano ataruka vipi juu ya mwenzake anayelia? Mimi nashinda mwaka mzima nikiwafundisha wawe na huruma. Nyinyi mnakuja kuivuna."

Kijana akakohoa. Akasema mkataba uliruhusu kuhariri.

"Kuhariri ni kuondoa kikohozi. Mimi nilisema mwavuli! Nilisema kitunguu!" Alikuwa amesimama sasa, na ofisi nzima ilikuwa imeacha kubonyeza. "Sikatai michezo, mwanangu. Kazi yangu ni michezo. Nacheza nao kujificha na kutafutana kila siku, na kengele ikilia tunaacha, kila mtu anakwenda kunywa maji akicheka. Mchezo unaomwomba mtoto asiondoke haujiamini. Ungekuwa mtamu kweli, angerudi mwenyewe."

Waliahidi kulitazama. Wiki tatu hawakulitazama.

Basi akawaita wazazi. Walijaa darasani, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Alikuwa amewaomba waje na watoto. Kisha akasimama mbele, akasema kwa sauti ya Kibata: "Nendeni mkacheze nje. Sitalia. Sijawahi kulia. Walinisingizia." Watoto wakatazamana. Kidosho akauliza, "Kweli?" Akaambiwa kweli kabisa. Akashusha pumzi ndefu kama mbeba mizigo aliyetua gunia, na baadhi ya wazazi wakainamisha vichwa wasionekane macho.

Wengi waliufuta mchezo siku ile. Wengine hawakuufuta, walisema simu ndiyo inayowapa nafasi ya kupika. Mwalimu hakuwalaumu. Hasira yake alikuwa ameiwekea anwani moja tu.

Mwezi uliofuata kampuni iliiondoa sauti yake, ikaweka ya mwanamke mwingine. Mwalimu aliulizia mpaka akampata: msomaji wa matangazo ya redio. Akampigia.

"Dada, samahani, wewe walikurekodi sentensi gani?"

"Ile ya bata? 'Usiondoke, nitalia peke yangu.'"

"Nzima hivyo hivyo? Hawakuunga vipande?"

"Nzima. Waliniambia niisome kwa huzuni."

Mwalimu alikaa kitako. Alidhani amewaaibisha, kumbe amewafundisha tu kuandika wazi walichokuwa wakikiiba. Alimweleza mwenzake yote, habari ya Kidosho na ya fundi. Yule dada akasema, "Mimi nina wa miaka minne," na akaomba aandikwe jina lake kwenye malalamiko.

Barua ilikwenda kwenye ofisi ya kulinda watumiaji ikiwa na majina ya wanawake wawili waliokuwa Kibata na wazazi thelathini na mmoja. Baada ya miezi mitano ofisi iliiamuru kampuni iweke njia ya kuzima kilio. Wakaiweka: ndani ya mipangilio, chini ya lugha, chini ya rangi, ukurasa wa tatu, kwa maandishi madogo kama sisimizi. Mchezo ukaendelea kulia kwa kila asiyejua.

Kwa hiyo sasa, watoto wanapochukuliwa, Mwalimu Filimbi husimama getini. Humwomba kila mzazi mpya simu, humwonyesha ukurasa ule, humbonyezea kitufe, kisha humtajia jina la kampuni, herufi kwa herufi, kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara.