Maua ya Wiki Tatu

Nilifundisha baiolojia miaka mingi, na kila mwaka tulipofika kwenye mimea niliwasimulia wanafunzi habari za maua ya mezani kwangu. Ua likikatwa shina mshazari kwa kisu kikali, niliwaambia, likatolewa majani yanayozama, likabadilishiwa maji kila baada ya siku moja, likawekwa mbali na jua na mbali na ndizi zinazoiva, linakaa wiki tatu. Anayebisha aje kijijini kwetu Tumati amuulize mke wangu. Nilikuwa najigamba, sikatai.

Mke wangu alipenda maua ya lili, yale meupe yaliyoota nyuma ya jiko pale tulipomwaga maji ya kuoshea vyombo. Aliyapanga kwenye jagi la kioo lililokatika mpini. Nilitoka, nikarudi, wiki zikapita, nayo yalikuwa vilevile. Nilidhani ni mkono wake pamoja na maelekezo yangu. Zaidi maelekezo yangu.

Mwaka jana alikata saba siku ya Jumamosi. Jumatatu presha ilimpanda ghafla, na Jumatano tukamzika.

Mtoto wetu ni mmoja, binti, yuko Mwanza na mumewe. Wiki ileile alikuwa amejifungua kwa upasuaji, daktari akamkataza kusafiri. Hakumzika mama yake. Jioni ya mazishi alinipigia simu, akalia sana, kisha akauliza, "Baba, maua ya mama bado yapo mezani?"

"Yapo."

"Usiyatupe, baba. Nikija nataka nikute kitu alichokishika yeye."

Nikamwahidi. Alisema atakuja baada ya wiki mbili, nami nilikuwa na uhakika wa wiki tatu.

Watu wa matanga walipoondoka nilibaki na ng'ombe wawili na lile jagi. Nililihudumia kama mgonjwa. Nilikata mashina upya, nikasugua jagi kwa majivu, nikaanza hata kuyasalimia maua asubuhi, maana hapakuwa na mwingine wa kumsalimia. Siku ya saba tangu yakatwe, ua moja likawa na kahawia ukingoni. Nilikasirika. Nililaumu maji ya bomba, nikaenda kuchota ya chemchemi. Nikaongeza sukari kidogo na matone ya limau. Nikalihamishia jagi chumbani kwenye baridi, upande wake wa kitanda. Siku ya tisa yote saba yalikuwa yamelala, mashina yanateleza. Nilikaa nikalia, jambo ambalo sikuliweza kaburini.

Kisha nikachukua kisu, nikaenda nyuma ya jiko, nikakata saba mengine, na jagi nikalirudisha mezani. Yale ya kwake niliyapeleka kaburini. Tangu siku hiyo, likinyauka moja nililibadilisha, mpaka binti yangu alipofika jioni moja akiwa na mtoto kifuani. Hata kabla ya kukaa aliliendea jagi, akagusa ua moja moja kwa kidole. Mimi nikajidai kutafuta kiberiti.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia bombani asubuhi iliyofuata. Nilikuwa naosha shina la ua jipya, la zamani liko miguuni kwangu, nikasikia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikajibu, na uso ukanishuka. Nikamwambia ukweli wote. "Ya mama yako yalikufa siku ya tisa, mwanangu. Nisamehe. Sijui nilikosea wapi."

Aliniangalia, akaketi kwenye jiwe la kufulia. "Hukukosea, baba. Ya mama hayakuwahi kufika hata hiyo siku ya tisa."

"Unasema nini?"

"Ukienda kukamua, alikuwa anatoa yaliyonyauka anaweka mengine. Mimi ndiye niliyekuwa nayatupa shimoni. Alisema, 'Usimwambie baba yako, anayafurahia sana haya maua yake ya wiki tatu.'"

Kwanza nilipandwa na hasira. Nimewafundisha watoto wa watu uongo miaka yote hiyo! Niliingia zizini nikamsema ng'ombe asiye na kosa. Huko huko nikakumbuka asubuhi zote nilizoingia na ndoo ya maziwa, yeye akikoroga uji, vidole vyake vimelowa maji baridi, nami nikitoa maelezo ya mashina.

Binti yangu alikaa siku kumi. Siku hizo kumi maua hayakunyauka, na hakuna aliyeuliza sababu. Kisha akarudi kwa mumewe.

Bado nakata saba kila Jumamosi, bado nakata mshazari. Asubuhi nikitoka kukamua, kabla sijaweka ndoo chini, naangalia mezani kwanza. Lililonyauka jana lipo palepale.