Viatu vya Wageni Sita

Mimi ni mtu wa Hale. Tangu utotoni nilikuwa nautazama Mto Pangani ukienda zake baharini, nami nabaki na hamu yangu. Basi biashara za utalii zilipofunguliwa pwani, kampuni moja ikatafuta kiongozi wa watalii wanaokimbia ufukweni na visiwani. Nikasema bila haya kwamba nimezaliwa pwani. Mbio nilikuwa nazo. Bahari sikuwahi kuiona.

Siku ya kwanza boti ilituteremsha kisiwani, ikaondoka. Maji yalikuwa mbali, mchanga mtupu. Wageni sita wakataka kukimbia peku.

"Acheni viatu hapa," nikaamuru, nikavipanga vizuri. Tukazunguka kisiwa chote. Nilitangulia kama mwenye kisiwa, huku nimeikodolea macho ile bluu, karibu nilie.

Tuliporudi, bahari ilikuwa imekaa pale pale nilipopanga viatu. Kimoja tu kilionekana, kikielea mbali.

Boti ilikuwa imerudi, na mama mpishi wa kampuni, mzaliwa wa Pangani, alikuwa ndiyo kwanza anashuka na chakula. Akanitazama.

"Mwanangu, wewe wa pwani gani, hujui maji hujaa?"



"Nisamehe, mama. Kwetu Hale maji yakienda hayarudi."