Mwamba wa Baba Nyuma ya Mazinde

Baba alikuwa akisimulia kwamba utotoni, akichunga mbuzi wa mjomba wake kule nyikani nyuma ya Mazinde, aliona twiga watatu wamechorwa jiweni kwa rangi nyekundu, kazi ya watu wa kale. Pale kwetu Mlola, juu milimani, walimcheka wakamwita mzee wa twiga. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa mbishi kuliko wote. Nilisoma kwamba michoro ya namna hiyo iko Kondoa, basi nikaona yameisha.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Akaniambia, "Mwanangu, nenda ukanitazamie, nisife naitwa mwongo." Niliona haya.

Likizo mbili nilishuka na lori la kabichi mpaka barabara kuu, nikaingia kwenye pori la serikali, miiba mitupu. Nilikagua kila jiwe lenye kivuli. Wekundu mwingi nilioukimbilia ulikuwa kutu ya jiwe tu. Siku ya tisa, ng'ambo ya korongo kavu, niliinama chini ya mwamba mmoja nikawakuta: twiga watatu, kila mmoja mdogo kuliko kiganja changu, na nyuma yao mtu mwembamba. Nilikaa chini nikalia. Baba alisema kweli miaka yote, na punguani nilikuwa mimi.

Kamera sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mdomo. Pale Mazinde, nikisubiri lori, nilimsimulia mama muuza chai, na wanaume wawili benchini wakasikia.

"Alama ya Mjerumani hiyo, mwalimu," mmoja alisema. "Walipokimbia vita walizika rupia, wakachora juu yake."

Nilimcheka. Nikamweleza kwamba hiyo michoro ilikuwapo kabla Mjerumani hajaijua njia ya huku, na ili aamini, nikamwelekeza mpaka korongoni. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, kila mtu anatafuta cha kuuza, nami nikadhani natoa somo. Kweli ulimi hauna mfupa.

Wiki mbili baadaye nilimshika baba mkono, tukavuka korongo. Uso wa mwamba ulikuwa umebanduliwa kwa patasi, na chini yake pana shimo la kufika kiunoni. Baba alilipapasa jiwe, vidole vikarudi na vumbi jeupe.

"Hili limevunjwa juzi tu. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, baba."

Mtu aliyeitwa mwongo maisha yake yote, mimi ndiye niliyemdanganya. Alijipangusa vumbi kwenye kanzu.

"Haidhuru," akasema. "Wewe uliwaona. Utawaambia."

Alifariki kabla ya masika. Msibani watani wa ukoo walifanya kazi yao ya kuwachekesha wafiwa, kama ilivyo desturi. Mmoja alivaa kanzu ya marehemu, akajitia kipofu, akapapasa ukuta wa nyumba yetu huku akiulizia twiga wake. Watu walivunjika mbavu. Kaka yangu akanigeukia, anajifuta machozi.

"Si wewe ulikwenda huko? Hebu sema, uliona nini?"

Uwanja mzima ukanitazama. Nikijibu kweli, watataka niwapeleke, na huko watakuta shimo, na Mazinde wataambiwa nani aliyeelekeza.

"Mawe matupu," nikasema.