Kamera ya Kuinamia

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipoingia harusini mtaa wa Mabawa na kamera mbili begani, bado haijaamuliwa ipi itakuwa yangu. Nakusimulia kwa sababu jana umenionyesha kwenye simu hizo kamera za filamu pana, zile za picha chache kwa mkanda mmoja, unazozitamani, zote zinameta, nami nikakurudishia simu nikaondoka. Sikununa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mzee Bakari, aliyenifunza kazi, alikuwa na studio ya picha mjini Tanga. Harusi za kwetu unazijua: chumbani kwa wanawake mwanamume hatii mguu, hata awe fundi wa namna gani. Kwa hiyo aliamua kunipa kamera moja ya filamu pana, niwe nampigia picha za huko ndani. Alinitolea mbili kabatini. Moja nzito, ya kuweka jichoni, ukiifyatua kioo chake kinagonga kama mlango uliosukumwa na upepo. Nyingine kijisanduku cha lenzi mbili. Unakiweka usawa wa tumbo, unainama na kuchungulia kwa juu.

"Nenda nazo zote," akaniambia. "Ukirudi utanambia ipi yako."

Mimi nilikwisha kuchagua. Ile nzito! Ukiivaa shingoni watu wanakupisha njia. Kijisanduku nilikiona cha kizee. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima; mimi hata kulima sijaanza, nilishaupenda mpini.

Mwali alikuwa anaondoka kesho yake kwenda Maskati kwa mumewe. Aliyemlea ni bibi yake, Bi Mwanaidi, ambaye maisha yake yote hakukubali kupigwa picha. Mwali akaninong'oneza, "Dada, nipatie moja tu na bibi. Sijui kama nitamkuta tena."

Nikampa bibi shikamoo yake, akaitikia, nikainua kamera nzito jichoni. Akajifunika uso kwa kanga. Badala ya kungoja, nikasogea karibu zaidi na kufyatua. Ule mlio ulimshtua hata mwali mwenyewe.

"We mwana," bibi akasema kutoka ndani ya kanga, "wanipa shikamoo kisha wanifichia uso kwa chuma! Mie naongea na nani? Hebu kiweke huko."

Wanawake wakacheka. Nilitahayari, nikatamani kutoka nje. Lakini mwali alinikazia macho, machozi yanamlengalenga, na mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kumharibia kitu ambacho asingekipata tena.

Nikakaa mkekani, nikakipakata kijisanduku, nikainamisha kichwa. Humo ndani kulia kunakuwa kushoto, basi nikawa natafuta polepole, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Bibi akachungulia kwenye pindo la kanga.

"Haya, sasa huyu ana adabu," akamwambia mjukuu wake.

Kwetu anayezungumza na mkubwa huinamisha macho, na kumbe kamera ile inakuinamisha utake usitake. Kanga ikashuka. Akaanza kumuusia mwali mambo ya ndoa, akasahau kabisa kama nipo, akamfuta machozi kwa kiganja. Nikabonyeza. Hakuna aliyesikia. Niliporudi studio nikamrejeshea Mzee Bakari ile nzito, nikabaki na kijisanduku.

Bi Mwanaidi alifariki kabla mjukuu wake hajarudi kuzuru. Mwali akanipigia simu kutoka Maskati, analia na kucheka kwa pamoja: "Nimemweka ukutani, dada. Kila nikiamka namwambia shikamoo." Tulipoagana nililia na mimi, wala sikuona haya.

Basi sikia. Usianze kuuliza kamera ipi ni nzuri. Anza kuuliza utampiga picha nani, na yeye atakuonaje ukiwa umeishika. Ungetaka milima ya Usambara ningekwambia chukua yoyote, mlima haujifuniki. Lakini wewe unasema unawataka wazee wa kijiji cha Mwera. Halafu, uzuri wa mkakasi usikudanganye: fungua mgongo wa kamera, mulika lenzi kwa tochi, maana unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya kioo. Ukiona utando, rudisha. Ifyatue kwa mwendo wa taratibu usikilize kama inakwama. Inayodai betri zisizopatikana hata kwa mafundi saa, iache hukohuko. Na kwa kuwa filamu utaisafirisha Dar kusafishwa, usifyatue kwa pupa. Kama mwishowe utaona ile kubwa ndiyo inayokufaa, ichukue, sitakasirika. Ila kwanza iazime, ukakae nayo mbele ya mtu mzima mmoja, uone kama uso wake utabaki wazi.

Mola akupe jicho lenye haya na mkono uliotulia, mwanangu. Na kila atakayekukubalia uso wake, akukubalie kwa moyo mweupe, na siku hayupo tena, wanawe wakuombee dua kwa ulichowaachia.