Jicho la Pili la Shemeji

Mkitaka kumjua fundi huyu, anzeni mezani kwake. Karakana nzima ilimwita Tochi, kwa sababu alifanya kazi na tochi ameing'ata menoni kama mbwa na mfupa wake, na hata nyumbani hakuweza kula kitu kabla ya kukigeuza. Kipande cha nyama anakiinua, anachungulia chini yake, anakirudisha, ndipo anakila.

"Baba, humo hakuna kilicholegea," mkewe humwambia. "Kula."

"Natazama tu."

"Tangu unioe unatazama tu. Iko siku nitakutilia boliti kwenye mchuzi, roho yako itulie."

Ni kazi iliyomharibu hivyo. Alitengeneza injini za ndege katika karakana kubwa iliyo pembeni mwa uwanja, banda refu la mabati ambalo mchana lilikuwa tanuri na asubuhi lilikuwa friji. Abiria wanadhani ndege inashikwa huko juu na maajabu. Maajabu gani! Inashikwa na nati, na mtu aliyeikaza hiyo nati, na mtu mwingine aliyekuja kuhakikisha kwamba imekazwa kweli. Huyo wa mwisho, pale karakanani, walimwita jicho la pili.

Na jicho la pili lilikuwa na adabu zake. Ukimaliza kufunga bomba la mafuta la injini unashuka ngazi, unarudi nyuma, unafunga mdomo. Mwenzako, ambaye hakuigusa kazi ile hata kwa kidole, anapanda na tochi yake mwenyewe. Anashika kila nati, anavuta kila waya unaozuia boliti zisilegee. Huruhusiwi kumwambia hapa pako sawa, wala pale ulipata tabu. Ukimweleza, ataona maelezo yako badala ya kuona bomba. Akiridhika anashuka, mnatia saini wote wawili kwenye kadi ya kazi, ndege inaondoka. Mtu aliyesaini bila kupanda ngazi alionekana mchafu pale, mchafu kuliko anayekojoa kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

Kwa muda mrefu jicho la pili la Tochi lilikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Tochi ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha kushika spana, akampa hadi ovaroli yake ya kwanza. Wakawa chanda na pete. Mmoja yuko juu ya ngazi, mwingine yuko chini kimya, halafu wanabadilishana. Shemeji alikuwa fundi hasa, tusimnyime haki yake. Aliwahi kumshusha Tochi na kumfungulisha kazi nzima upya kwa ajili ya waya mmoja uliosokotwa vibaya, na Tochi akamshukuru.

Kisha akaingia kwenye siasa za chama cha wafanyakazi. Mdomo alikuwa nao, tena mdomo wa asali, na Tochi alimpigia kampeni kutoka benchi hadi benchi. Alipochaguliwa mwenyekiti akapewa ofisi yenye zulia, na haukupita muda akaanza kunukia. Marashi, jamani! Fundi wa injini ananukia kama bibi harusi! Mkono wake ukalainika, kitambi kikatangulia, na wenzake wa jana akawaita "ndugu wanachama" hata walipokutana chooni. Wapo waliocheka. Tochi alimtetea, akasema cheo kina mambo yake.

Ndipo zikaja habari kwamba kampuni inataka kuifunga karakana na kupeleka ndege zote kutengenezwa nje ya nchi. Watu walikosa usingizi. Fundi wa injini ya ndege akimwaga unga ataenda kutengeneza nini, cherehani? Mwenyekiti akaenda mazungumzoni na wakubwa, akaenda tena, mwisho akaitisha mkutano palepale karakanani. Akapanda juu ya sanduku la vifaa na kuinua mkataba mnene uliovishwa plastiki.

"Ndugu wanachama! Mkataba huu unalinda kituo chetu. Nipeni mikono yenu nikausaini."

Mama Spana akasimama. Huyu alikuwa fundi mkongwe, mwanamke pekee katika upande wa injini, na alikuwa hamung'unyi maneno. "Tupe tuusome kwanza, mwanangu."

"Mama yangu, hizi ni kurasa na kurasa za lugha ya wanasheria, utaumwa kichwa bure. Nimeshawaangalilia. Kwani mimi si ndiye jicho lenu la pili?"

Wee! Banda likalipuka kwa vicheko na makofi. Neno lao wenyewe, la heshima yao, limetajwa na mwenyekiti wao. Mama Spana hakucheka. Alimgeukia Tochi, na watu wote wakamgeukia Tochi, maana walijua nani anamjua mwenyekiti kuliko wote.

"Wewe umeuona huo mkataba?" akamuuliza.

"Mama, huyu nimefunga naye injini tangu hana ndevu," Tochi akajibu. "Namwamini kwa roho za abiria, nitashindwa kumwamini kwa makaratasi?"

Akanyoosha mkono. Wa jirani yake akanyoosha, wa nyuma akanyoosha, banda zima likawa mikono mitupu hewani. Wa Mama Spana peke yake ulibaki mfukoni mwa ovaroli.

Mvua za mwaka ule hazikuwa zimekatika vizuri wakati tangazo lilipobandikwa getini. Kituo kinafungwa. Na waliokimbilia kwa wakili kuuliza itakuwaje, wakaambiwa mkataba wao wenyewe unairuhusu kampuni kuhamisha kazi wakati wowote ipendapo, na chama hakitapinga. Kundi la kwanza likarudishwa nyumbani, Mama Spana akiwemo. Mwenyekiti naye akateuliwa kuwa sijui mshauri wa nini huko nje ya nchi, kwenye kituo kipya cha kampuni. Mnaona lakini?

Basi maneno yakaanza. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba mwenyekiti kahongwa, wengine walitaja hadi rangi ya gari. Tochi akipita, mazungumzo yanakatika. Siku moja alikuta kikombe chake cha chai kimetolewa kwenye rafu ya wote na kuwekwa sakafuni, karibu na ndoo ya taka. Fundi wa magurudumu, mtu waliyezoea kugawana naye hata sigara, alimwambia waziwazi, "Shemeji yako katuuza, na wewe ndiye uliyemshikia ngazi."

Hilo lilimchoma. Kazi ilikuwa inapotea, na hilo lilimuuma, lakini alitaka jambo moja kabla milango haijafungwa: amsikie shemeji kwa mdomo wake mwenyewe, aliwauza au hakuwauza. Kama aliwauza, Tochi angewaambia wenzake, naye angekuwa mmoja wa waliouzwa, wala si dalali wa muuzaji. Alipiga simu, haikupokelewa. Mkewe alimpigia kaka yake, damu yake, ikapokelewa na karani.

"Yuko kikaoni," mkewe akamwiga yule karani huku amebinua mdomo. "Kikaoni! Mtu niliyemfuta kamasi!"

Siku ya mwisho ilibaki ndege moja tu ndani ya banda. Ilikuwa iwachukue wakubwa, na mwenyekiti pamoja nao, kwenda kuzindua hicho kituo kipya. Wameshafika, wamevaa, wameshapigwa picha, ndipo mafuta yakaonekana yanadondoka chini ya injini ya kulia. Tochi akaitwa. Akapanda, akalitoa bomba lililokuwa linavuja, akafunga jipya, akasokota waya wake, akashuka, akarudi nyuma, akafunga mdomo.

Sasa jicho la pili liko wapi? Wote waliokuwa na ruhusa ya kukagua injini ya aina ile walikuwa wameshafukuzwa. Mkubwa mmoja akatazama saa, akasema, "Mwenyekiti si fundi? Leseni yake si hai bado?" Ilikuwa hai kweli. Alikuwa anailipia kila mwaka ili aweze kusema majukwaani kwamba bado ni fundi.

Mwenyekiti akashuka ngazi ya abiria, viatu vinang'aa, marashi yamemtangulia. Mafundi waliobaki wakasogea. Mama Spana naye alikuwepo, maana alikuja siku hiyo kuchukua sanduku lake la vifaa.

"Shem!" mwenyekiti akapaza sauti, mikono kaitanua. "Kazi safi. Nasaini wapi?"

Tochi alitoa tochi kinywani, akaifuta kwenye ovaroli, akamnyooshea. "Panda kwanza."

Mwenyekiti akaitazama ngazi, iliyokuwa na mafuta. Akaitazama suruali yake. "Si umefunga wewe? Basi. Nani asiyeujua mkono wako?"

Akachukua kadi ya kazi pale juu ya benchi, akachomoa kalamu yake ya dhahabu, akasaini. Hivihivi. Hakuinua hata macho kuangalia injini iko upande gani.

Tochi alimwona mchafu, akaona kinyaa. Kama shemeji angempiga kofi asingeumia hivyo. Na katika kinyaa kilekile kikamjia kitu kingine, akakiuliza kabla hajakifikiria.

"Ule mkataba, uliusoma?"

"Shem, hapa si mahali pake."

"Uliusoma?"

Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule, akaona nyuso. "Nilielezwa. Mwanasheria wao alinielezea vizuri kabisa, kipengele kwa kipengele, na chai akaniagizia. Nikaona hauna ubaya. Mtu amesoma, ana heshima zake, nimwambie nini? Nimwambie simwamini?"

Mwanasheria wao! Aliyeufunga huo mkataba kasimama kando ya ngazi anaeleza hapa pako sawa na hapa pako sawa, na fundi mzima, fundi aliyejua kwamba anayefunga hufunga mdomo, kaketi anakunywa chai na kutikisa kichwa.

"Kwa hiyo hata hela yao hukula?" Mama Spana akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kitu kichafu.

"Nile hela? Mimi?" Mwenyekiti akajipiga kifua. "Haki ya Mungu, hata senti! Mimi si mwizi!"

Akasimama pale amejivuna, anangoja kusifiwa. Fundi wa magurudumu akatema mate chini, akaondoka. Wengine walibaki wakimkodolea macho, maana mwizi walijiandaa kumpokea, matusi yake walikuwa nayo tayari, lakini kwa huyu hawakuwa na hata tusi.

Tochi akaichukua ile kadi, akapiga mstari juu ya saini ya shemeji yake. "Ndege haitoki," akasema. "Leteni mtu atakayepanda."

Wakubwa wakafoka, wakapiga simu, wakatishia. Watamtishia nini? Kazi walikuwa wameshamnyang'anya. Wakashushwa kutoka ndani ya ndege kwa sababu ya joto, wakaketi juu ya masanduku matupu na tai zao shingoni, jasho linawatiririka, mpaka alipopatikana mkaguzi wa kampuni nyingine ng'ambo ya uwanja. Yule bwana akapanda na tochi yake, akashika kila nati, akavuta kila waya. Tochi alisimama nyuma, kimya. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndege ikatoka jua likielekea kushuka, mwenyekiti akiwa ndani yake, na mlango wa banda ukafungwa.

Nyumbani mkewe alikuwa anamngoja. Alimwekea maji ya kunawa, akakaa mbele yake.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kaka yangu katuuza?"

"Afadhali angetuuza," Tochi akasema. Akamweleza yote, bomba, kalamu ya dhahabu, chai ya mwanasheria. "Mwizi anajua anachofanya. Yule hakutazama tu. Roho za watu wote wale, watoto wao, hakutazama tu! Nimemwona kama takataka. Na kesho nitazunguka nyumba kwa nyumba niwaambie wenzangu, wajue kwamba yule mtu hakuusoma."

Mkewe akamtazama, kwa namna ambayo Tochi mwenyewe hutazama waya.

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Wewe uliusoma?"

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaitwa aingie ndani, akaitwa tena. Kidole cha Tochi kilikuwa na oili chini ya ukucha, akaanza kuichokonoa.

"Sikuusoma," akasema.

"Basi kesho ukizunguka, uwaambie mko wawili."

Akanyanyuka, akamletea chakula, akamwekea mbele na kwenda kumwita mtoto wao wa mwisho aje kula. Tochi akavuta sahani. Akala mpaka ikaisha, na hakugeuza kitu.