Majani Chini ya Waridi

Asubuhi moja ya Novemba naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa kijana, nakaa Rinkeby, mtaa wa wahamiaji huku Uswidi, na kazi yangu ilikuwa katika bustani ya jumba la kale kando ya mto, nje kidogo ya Stockholm. Bustani ya kujionyesha hasa: njia za changarawe zimenyooka hadi majini, ua wa vichaka umekatwa sawasawa, na waridi kila upande.

Consolata, Mkenya mwenzangu, alikuwa bado kwenye majaribio. Aliitaka kazi ile kwa udi na uvumba, maana alikuwa na watoto Kakamega wanaomtegemea. Basi siku hiyo akawahi kufika kabla yetu, akafagia majani makavu yaliyoanguka. Hakufagia njia tu, alifagia mpaka chini ya waridi, udongo ukabaki mtupu, mistari ya ufagio imepangika. Kwetu angesifiwa. Uwanja wenye majani ni aibu ya nyumba, tena nyoka hujificha humo.

Kumbe Waswidi huyaacha majani yale makusudi, yafunike mizizi wakati wa baridi kali. Mkuu wa bustani alipofika, uso ulimwiva kwa hasira. Consolata hakujua Kiswidi, kwa hiyo mkuu akanigeukia mimi.

"Mwambie asirudi kesho."

Nikafungua mdomo. Siku hizo nilijiona mkalimani hodari, si mchezo! Mzee Ssali, Mganda mkata ua wetu, akanishika mkono.

"Binti, ngoja kwanza. Mkuu huyu ameona kilichofanyika, lakini hajui kwa nini. Mweleze."

Nikamweleza mkuu jinsi tunavyofagia uwanja kwetu. Akamtazama Consolata, ambaye bado alikuwa anatabasamu akingoja sifa. Mwishowe akasema, "Basi ayarudishe." Hilo nililitafsiri. Tukayarudisha sote watatu, mimi, Consolata na Mzee Ssali, kwa toroli, mvua ikitunyeshea.

Mwanangu, Kiswidi chako kinatushinda sote, na kila mara tunakuburuta maofisini utusemee. Nisikilize. Ukisimama kati ya watu wawili, usikimbilie kufikisha neno kali. Fikisha kwanza sababu. Aliyekosea, uliza kwao kazi hiyo hufanywaje. Consolata amestaafu katika bustani ile ile, na mpaka leo hajui kwamba aliwahi kufukuzwa.

Mungu akubariki, akujalie subira, nawe usikose mtu wa kukusemea.